Gitaa Lililopakwa Samli

Mgeni alifika siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, wakati Stanislaus yuko chini ya meza yake ya kazi akipapasa sakafu kutafuta skrubu. Kutoka kule chini aliona kwanza gurudumu la baiskeli, kisha miguu mirefu iliyojaa vumbi hadi magotini, ndani ya kandambili za tairi la gari. Miguu ile ikasimama mlangoni, haikusogea tena.

"Hodi kwa fundi," sauti ikasema.

"Karibu. Ningoje kidogo, kuna kitu kimenikimbia huku."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ila ukisimama hapo unanizibia mwanga, baba. Na umeme wenyewe leo si zamu yetu."

Mgeni akasogea. Stanislaus akaipata skrubu, akashika ubao wa meza kwa mkono wa kulia, akajivuta juu. Mbele yake alisimama mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, shuka begani, fimbo yake ya kuchungia ameiegemeza nje ukutani kwa adabu. Kwenye keria ya baiskeli kulikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya blanketi la mistari na kufungwa kwa kamba ya katani, utadhani mgonjwa anapelekwa hospitali.

"Naitwa Ngusa. Natoka mbele ya kijiji cha Mbingu, kule tunakochunga. Nimeuliza sokoni nani anajua magitaa, wakasema yuko mzee alipiga kwenye bendi ya Kidatu. Ndiye wewe?"

"Ndiye niliyekuwa," Stanislaus alisema.

Miaka kumi na minane alipiga besi katika bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, hadi ugonjwa ulipompiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, na mkono ulirudi, ila vidole viwili vya mwisho vilibaki vimekunjika kama vya mtu anayeficha kitu kiganjani. Alirudi Ifakara kwa mkewe, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Redio haihitaji vidole vyote kumi.

Ngusa alifungua kamba, akakunjua blanketi taratibu juu ya meza. Kabla Stanislaus hajaona kilichomo, harufu ya samli ilijaa kibanda kizima.

Lilikuwa gitaa la besi, la umeme, rangi ya kahawia iliyoiva. Liling'aa kupita kiasi. Lakini nyuzi zake nne zilikuwa zimevaa utando mweusi, na vile vyuma vya katikati, vinavyoisikia mitetemo ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika, vilikuwa vimezama ndani ya ugando wa mafuta na vumbi.

"Baba, hili umelipika?"

"Nimelitunza, mzee," Ngusa akajibu kwa fahari. "Ni la kaka yangu Masalu. Alikuwa anapiga muziki Mwanza, kisha akaja kwetu huku akiwa mgonjwa. Kabla ya kufa aliniambia, Ngusa, litunze. Na sisi kitu cha mti tunakitunza kwa samli. Zeze la babu yangu limenizidi umri na halina ufa hata mmoja. Basi kila mwezi ukiandama nimelipaka. Mbao, nyuzi, na hayo machuma. Miaka miwili sijaruka hata mwezi mmoja."

Stanislaus alifungua kinywa acheke. Kicheko hakikutoka. Mtu ameambiwa atunze, akatunza kwa kila alichojua, na kwa utunzaji ule ule akakiziba kitu masikio. Angemwambiaje?

Umeme haukuwepo, kwa hiyo alifanya walivyokuwa wakifanya Kidatu taa zilipozimika katikati ya mazoezi. Alilinyanyua gitaa, akakiweka kipembe cha juu cha mbao, kile kinachochomoza kando ya shingo, kwenye taya lake, chini kidogo ya sikio, akafumba macho, akagusa uzi mnene. Mtu akisikiliza namna hiyo, sauti haipiti hewani. Inaingia mfupani.

Iliingia. Hata kwa uzi ule uliolemewa na mafuta, mlio ulishuka hadi kifuani kwake, ukakaa, ukakataa kuondoka. Alihesabu kimyakimya. Akaenda ukutani, akashusha gitaa lake mwenyewe, akaliweka kwenye taya lile lile na kugusa uzi ule ule. Mlio ukaja vizuri, kama ulivyokuja miaka yote ile, ukafifia mapema. Shingo ya gitaa lake iliwahi kupinda, akaikaza mara mbili, na mbao haisahau. Alirudia tena, moja baada ya jingine, akitamani awe amekosea. Hakuwa amekosea.

"Mzee, mbona unayang'ata?" Ngusa aliuliza.

"Nayasikiliza."

"Yanasema nini?"

"La kwako ni zuri," Stanislaus alisema. "Zuri sana. Ila limezibwa na samli. Nyuzi hazilii, na huku ndani sijui pakoje."

Uso wa Ngusa ulibadilika. Alitazama mikono yake, kisha gitaa, kisha mikono tena. "Nimeliua?"

"Hujaliua. Litasafishika."

Hapo ndipo Ngusa alipokaa kwenye benchi na kueleza kilichomleta. Mjane wa Masalu, Ester, alikuwa anataka kurudi kwa wazazi wake, Magu, kule Mwanza, yeye na watoto wawili. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, waliobaki hawakuwa wa kuuza. Nauli ya watu watatu hadi Magu ilikuwa ndani ya gitaa lile, na mvua zikianza tu ile barabara ya Mbingu ingegeuka tope, wasitoke hadi mwezi wa sita. "Usiku analia, mzee. Hasemi kitu. Analia tu, na mimi sina la kumfanyia."

Stanislaus alikuwa mtu mwepesi wa huruma, na watu wa namna hiyo ahadi huwatoka mdomoni kabla hawajaipima. "Niachie," alisema. "Jumamosi uje. Utalikuta lina nyuzi nne na linalia. Nitakukabidhi mkononi mwako mwenyewe, uende ukauze."

"Jumamosi kweli, mzee?"

"Jumamosi. Nimekuahidi."

Mkewe, Digna, alikuwa amekaa kibarazani akishona muda wote ule, na mashine yake ilikuwa imenyamaza tangu harufu ya samli ilipoanza. Baiskeli ilipokwenda, alikuja akasimama mlangoni.

"Baba Eveline, Jumamosi si ndiyo siku ya Faustin?"

Stanislaus alishika kichwa.

"Basi sawa," Digna akasema. "Utampokea Faustin kwa harufu ya kikaango. Atadhani tumefungua mgahawa."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini aliirudisha mikono kwenye cherehani kama mtu anayeshika mtoto asiye wake. Kweli haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yao, Sikitu, ambaye mwisho wa mwezi alikuwa anahamia Mahenge na cherehani yake. Mwezi wa kumi na moja unakwisha, wa kumi na mbili unafuata, na kila mshonaji wa Ifakara anajua kwamba sare za shule za Januari ndizo zinazolisha nyumba mwaka mzima. Redio siku hizi hazikuwa zikiletwa. Nani atengeneze redio wakati umeme unakuja kwa zamu?

Ndipo alipopatikana Faustin, mwenye baa na bendi changa kule Mlimba. Alikuwa anatafuta besi, na nyumbani kwake kulikuwa na cherehani ya marehemu mama yake, ya miguu, imefunikwa kitambaa, haina anayeishona. Walikubaliana kwa barua: yeye aje na cherehani, aondoke na gitaa la Stanislaus. Alihitaji besi moja tu. Ya pili angeiweka wapi?

Siku ya Jumanne Stanislaus alilifungua gitaa la Ngusa. Alitoa ugando kwa kijiti cha kiberiti na pamba, akapangusa kila waya kwa spiriti, na jioni umeme uliporudi kwa saa mbili akalichomeka kwenye amplifaya yake aliyoiunda kwa matumbo ya redio ya zamani. Likakoroma kidogo, kisha likaamka. Zilibaki nyuzi. Nyuzi za besi zikishika mafuta hazitupwi. Huchemshwa. Alizitia kwenye sufuria ya Digna na sabuni ya mche, akaziacha zitokote kama maharage, na samli ya miaka miwili ikapanda juu ya maji ikawa kama jicho la njano.

"Hiyo sufuria usinirudishie," Digna alisema.

Siku ya Jumatano alizirudisha. Uzi wa kwanza mnene ukapanda vizuri, wa pili ukapanda, wa tatu ukapanda. Wa nne, ule mwembamba, ulikuwa umeliwa na kutu mahali palipofichwa na mafuta. Alipoukaza ulikatika, ukamchapa kwenye kidevu. Samli ndiyo iliyokuwa imeushikilia. Yeye ndiye aliyeiosha.

Ifakara nzima haikuwa na duka linalouza uzi wa besi. Alimkimbilia Polikarpo, dereva wa lori la mpunga aliyekuwa anaondoka jioni ile kwenda Dar es Salaam, akampa kipande cha uzi uliokatika kama mfano. Ijumaa alasiri Polikarpo akarudi, anatabasamu, na bahasha mkononi.

"Nimekuletea seti nzima, mzee! Sita, siyo moja!"

Stanislaus akaifungua. Nyuzi nyembamba kama nywele. "Polikarpo, hizi ni za gitaa la solo."

"Si gitaa lakini?"

"Kipande nilichokupa kiko wapi?"

"Kile?" Polikarpo akajikuna shingo. "Kile nilifungia ekzosi, pale Mikumi. Ilikuwa inaburuta chini."

Angemgombeza, ila ingesaidia nini? Alimshukuru, akaingia ndani. Kwenye nyumba ile, na pengine kwenye mji mzima, kulikuwa na uzi mmoja tu wa aina ile ulio mzima, nao ulikuwa kwenye gitaa lake, na gitaa lake kesho lilikuwa linageuka cherehani. Alilitundika la Ngusa kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Baadaye akarudi, akalifunika kwa khanga ya Digna. Hakutaka kujiuliza kwa nini amelifunika.

Faustin alifika Jumamosi saa tatu na pikapu nyeupe, mtu mnene mcheshi, kofia ya pama kichwani. Hata kabla hajasalimia vizuri alikuwa ameshafungua kamba, na yeye na Stanislaus wakaishusha cherehani, wakaiweka kibarazani. Digna alifuta vumbi kwa kiganja. Alikaa. Akaweka miguu chini, akakanyaga mara moja, na gurudumu likazunguka kwa mlio laini wa kitu kilichokaa muda mrefu kikingoja.

"Mama yangu aliipenda hiyo kuliko alivyonipenda mimi," Faustin alisema. "Imekukubali, mama. Angekuwa mtu mwingine ingegoma."

Digna akacheka kicheko ambacho Stanislaus hakuwa amekisikia tangu augue.

Umeme haukuwepo, wakafungua boneti na kuunganisha amplifaya kwenye betri ya pikapu. Faustin akaketi juu ya ndoo, akalipiga gitaa la Stanislaus. Alikuwa mpigaji wa wastani lakini mwenye sikio. "Hapa juu linafifia kidogo," alisema. "Si neno. Shingo iliwahi kupinda?"

"Iliwahi. Niliikaza mwenyewe, mara mbili."

"Umenena ukweli, mzee wangu. Vijana wangu watalizoea. Basi, si tumemaliza?"

Stanislaus alikuwa amefungua mdomo aseme ndiyo. Kengele ya baiskeli ikalia barabarani.

Ngusa alikuwa anaikokota. Kwenye keria alikaa mtoto wa miaka minne hivi, na kando yake alitembea mwanamke aliyebeba mtoto mwingine mgongoni na furushi kichwani. Walikuwa wametoka Mbingu tangu jana alfajiri. Furushi lile lilikuwa limefungwa kwa namna ambayo Stanislaus aliielewa mara moja: si la mtu anayekusudia kurudi nyumbani.

"Shikamooni," Ngusa alisema. "Mzee, huyu ndiye Ester, mke wa marehemu. Nimemwambia leo ndiyo leo. Liko tayari?"

Amplifaya ilivuma peke yake.

"Lipi hilo?" Faustin akauliza.

Ester aliketi kwenye ukingo wa kibaraza, karibu na Digna, akamtua mtoto na kumpa ziwa. "Shikamoo, mayu," alimwambia Digna polepole, akimwita mama kwa Kisukuma, kisha akaitazama cherehani kwa heshima, kama mtu anavyotazama kitu cha mwenzake.

Stanislaus aliingia ndani, akatoa khanga, akaja na gitaa. Kwenye jua la asubuhi ile mbao iliwaka kama asali. Faustin akanyanyuka kwenye ndoo bila kujua kwamba amenyanyuka. Aliligonga kwa kifundo cha kidole. Akalipima uzito mikononi. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa muziki, akakiweka kile kipembe kwenye taya lake, akagusa uzi mnene, na Stanislaus akamwona akifumba macho.

"Mnanifanyia nini nyie?" Faustin alisema alipoyafumbua. "Hili mlikuwa mmelificha wapi? Na mbona linanukia wali wa sikukuu?"

"Ni langu," Ngusa akasema. "Nauza."

"Lina nyuzi tatu."

Ngusa akageuka kwa Stanislaus. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule mtazamo wa mtu aliyezoea mambo kumharibikia, anayetaka tu kuambiwa mapema ili ajipange. "Mzee, ulisema nne."

"Nilisema."

"Sikilizeni," Faustin akaingilia, amekwishapata akili ya biashara. "Mimi ni mtu wazi. Siwezi kununua kitu nisichokisikia chote. Hapo juu, kwenye uzi mwembamba, ndipo magitaa mengi yanapodanganya. Likilia huko kama mbao yake inavyosema, nachukua hili na namlipa huyu ndugu taslimu. Samahani, mzee wangu, biashara tu, cherehani itarudi. Lisipolia, nachukua lako kama tulivyopatana. Ila sina siku nzima. Nina mkutano na vijana Mlimba saa tisa."

"Uzi umekatika," Ngusa alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Akamtazama Ester, akatazama furushi. "Basi, shemeji. Tutarudi."

Ester alimhamisha mtoto ziwa la pili.

Kila mmoja pale alikuwa anaweza kunyamaza, na jambo lingemalizika lenyewe. Stanislaus alilijua hilo. Hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Uzi ulikatika, duka hakuna, Polikarpo alileta zisizofaa, vyote vilikuwa kweli. Alimtazama Digna. Miguu yake ilikuwa bado juu ya kikanyagio, na mkono umelala kwenye gurudumu. Macho yao yalikutana, na akaona kwamba mkewe ameshajua kilichomo kichwani mwake, labda kabla yake. Alingoja mkewe aseme usifanye. Angesema, yeye asingefanya, na maisha yake yote angemshukuru na kumlaumu kwa neno hilo moja.

Digna alitoa mkono kwenye gurudumu.

Stanislaus akavuta benchi. Akalilaza gitaa lake mapajani, akaanza kuulegeza uzi wa nne. Ulishuka ukilia, chini, chini zaidi, mpaka ukawa waya tu. Akauchomoa. Gitaa lake lilibaki na pengo, akaliegemeza ukutani bila kulitazama.

"Wee mzee," Faustin alisema taratibu. "Unajua unachofanya?"

"Nilimwambia Jumamosi."

Kuufunga kwenye gitaa la Ngusa ndiko kulikokuwa kugumu. Kunahitaji mkono wa kushoto uishike shingo imara huku wa kulia ukizungusha, na mkono wake wa kushoto haukushika kitu imara tena. Uzi uliteleza. Akajaribu, ukateleza tena, ukamkwaruza. Jasho likamtoka. Ngusa alisogea asaidie, hakujua ashike wapi, mikono ikamning'inia. Faustin alitazama saa yake, kisha akaona aibu, akaitazama barabara.

Digna akainuka kwenye cherehani. Akaja, akapiga magoti mbele ya benchi, akaishika shingo ya gitaa kwa mikono yote miwili.

"Zungusha," alisema.

Akazungusha. Uzi ukashika, ukakaza, ukapanda. Aliinamisha kichwa, taya kwenye mbao, akiutafuta mlio wake kati ya milio mingine mitatu, akazungusha kiasi cha unywele mmoja zaidi, akaacha. Kisha akachomeka waya wa amplifaya, akaugusa kule juu kabisa, ambako gitaa lake lilikuwa likififia.

Haukufifia. Ulitoka kwenye amplifaya ile ya vipande ukaenda zake barabarani, safi, ukakaa hewani hadi mtoto wa Ester akaacha kunyonya na kugeuza shingo.

Faustin alivua kofia, akaivaa. Alikwenda kibarazani, akainama, akaanza kuifunga kamba upya kwenye miguu ya cherehani.

Stanislaus akachomoa waya wa amplifaya. Alipangusa mahali ambapo jasho lake lilikuwa limedondokea mbao, akasimama, akalishika gitaa kwa mkono wake mzuri na ule mwingine kadiri ulivyoweza, akampita Faustin na cherehani yake, akaenda kumkabidhi Ngusa mikononi.

"Hili hapa, baba," alisema. "Nyuzi nne. Zihesabu."